Glasi Badala ya Sahani

Jamani, nipeni masikio kidogo, na mwenye glasi mkononi aiweke chini kwanza. Sisemi kwa ubaya. Mimi ni msusi, na saluni ni mahali pa maneno, lakini hili sikuletewa na mteja. Nimeishi nalo ukuta kwa ukuta.

Saluni yangu imepakana na duka la fundi cherehani mmoja, mwanamke tuliyemwita Mama Pindo kwa sababu hajawahi kushona pindo likafumuka. Jioni, kabla hatujafunga, alikuwa anatoa kiti nje, mumewe seremala anakuja kumchukua na vumbi la mbao kwenye nyusi, wanakaa hapo wakimsubiri binti yao wa pekee atoke kazini. Wanataniana hao!

"Siku nikikubeba wewe, mgongo wangu kwisha," mzee anasema.

"Nani kakwambia unibebe? Kabebe mbao zako."

Tunacheka wote mpaka wapita njia wanageuka. Ilikuwa nyumba ya amani, nyumba ya kuitamani.

Basi, daktari akampima Mama Pindo, akamkuta na sukari. Akampa vidonge na kumwambia apunguze mwili polepole, atembee, aachane na vitu vitamu. Kisha akamsisitizia jambo moja: "Mama, vidonge hivi usimeze bila kula. Ukimeza na tumbo tupu, sukari itashuka mpaka ikuangushe." Maneno haya alinieleza mwenyewe nikiwa namsuka, na akacheka. "Ugonjwa gani huu, jirani? Ikipanda balaa, ikishuka balaa." Kwa hiyo asije mtu akasema hakuambiwa. Aliambiwa, tena vizuri. Ila alikwenda peke yake, na mumewe akaambulia kujua kwamba kuna vidonge tu.

Alichomficha daktari ni waini.

Chupa ya kwanza ililetwa na mteja mmoja kama shukrani ya gauni. Mteja akamwambia waini si kama bia, haileti kitambi, tena inachangamsha moyo. Mama Pindo akaonja, akapenda. Ukimwona alivyokuwa anainama kwenye cherehani kutwa nzima, mgongo umepinda, macho mekundu, utajua kwa nini. "Na mimi nile raha kidogo," aliniambia. "Maisha yangu yote nashona nguo za raha za wenzangu." Kwa hilo simlaumu. Nani hapendi raha?

Tatizo likaja aliposikia kwamba waini nayo inanenepesha. Mtu mwingine angeacha waini. Mwingine angeacha kupungua. Mama Pindo akaingia na akili za ufundi.

"Kitambaa ni kile kile, jirani," akanieleza, futi ya kupimia shingoni, uso unang'aa kama kavumbua dawa. "Ukitaka mkono mrefu, unaiba kwenye sketi. Mimi nataka glasi yangu ya jioni, basi naiba kwenye sahani."

"Wewe mwanamke, mwili si kitambaa!"

"Suka nywele wewe. Vipimo niachie mimi."

Basi chakula cha jioni kikafutwa. Jioni akawa anameza kidonge chake kwa maji, halafu anajimiminia. Glasi moja ikazaa ya pili, na ya pili ikadai nafasi yake, kwa hiyo chakula cha mchana nacho kikaanza kumegwa. Na kweli alipungua. Kila mara namwona kakaa anafumua gauni lake mwenyewe na kulibana upya, anajigeuza mbele ya kioo, na wanawake wanasimama mlangoni wanampigia vigelegele. "Mama Pindo, tupe siri!" Naye anacheka, anasema siri ya mtungi aijuaye kata. Ndugu zangu, sisi nasi tuna ugonjwa wetu. Mtu akikonda tunampongeza, hatuulizi kinachomkondesha.

Alasiri moja nilimkuta ameshika sindano, mikono inatetemeka, jasho linamtiririka na wala hakukuwa na joto. Namwita, ananitazama kama hanijui. Nilimtafutia mkate na chai ya sukari, nikamnywesha, na baada ya muda akarudi hali yake.

"Mwambie daktari," nikamsihi. "Mwambie kila kitu, na waini yenyewe."

"Atanikatalia. Mwanangu kachumbiwa, acha nimalize harusi yake kwanza, kisha nitamwambia."

"Na mzee je?"

"Mzee akijua sili, hatanipa amani."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mzee alikuwa anaona mambo, lakini anayasoma vibaya. Anarudi nyumbani anamkuta mkewe anayumba, maneno yanagongana, mdomo unanuka waini. Atawaza nini? Nyumba zetu nazo zimepakana kwa ukuta mwembamba, nilisikia.

"Mke wangu, umelewa tena?"

"Sijalewa. Nimechoka tu."

"Umechoka unanuka hivyo? Wakwe wakikuona hivi, binti yetu nani atamwoa?"

Hapo ndipo hofu ya aibu ilipoingia ndani ya nyumba ile, ikakaa kwenye kiti cha mbele.

Ikafika Jumamosi ya wakwe. Wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza kupanga harusi. Mama Pindo alikuwa amejishonea gauni jipya, limebana kweli kweli, na ili limkae alikuwa hajatia chakula mdomoni tangu mchana wa jana yake. Asubuhi akameza vidonge vyake, maana siku zote alikuwa mwaminifu kwa vidonge. Njaa ilipomkaba akaituliza na waini, kidogo kidogo, huku anapiga pasi vitambaa vya meza.

Wageni walipokaribia kufika, binti akamkuta mama yake amekaa sakafuni jikoni, gauni limelowa jasho, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Akamwita baba yake. Mzee akainama, akanusa, akafumba macho.

"Leo, mama wee? Hata leo?"

Akambeba. Safari hii hakutania kuhusu mgongo, maana mwanamke alikuwa mwepesi. Akamlaza kitandani, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni.

"Baba, hali yake si nzuri," binti akasema.

"Pombe haiui kwa siku moja. Atalala itamtoka. Kapokee wageni, na ukiulizwa, mama kaenda kumwona mgonjwa."

Wageni wakaingia, wakakaribishwa, soda zikafunguliwa mezani. Mimi nilikuwepo, nimealikwa kama jirani, na mimi pia niliambiwa kaenda kumwona mgonjwa. Tuliongea, tukacheka. Binti ndiye hakuweza kucheka. Alikuwa anainua macho kwenye ule mlango kila saa, mpaka mama wa kijana akaona.

"Mwanangu, mbona unalia?"

"Mama yumo ndani," binti akasema, na machozi yakamwagika. "Baba anasema amelewa. Anatoka jasho sana. Mama ana sukari."

Mimi glasi ilinidondoka. Yule mama wa kijana alisimama kabla sijasimama mimi. Marehemu mama yake naye alikuwa na sukari. Akamnyooshea mzee mkono, hakuomba wala hakubembeleza.

"Mkwe, lete ufunguo."

Tulimkuta amepoteza fahamu, baridi, gauni limemganda mwilini. Tulimwita, hakuitika. Tulimbeba mbio mpaka hospitali, wakamtundikia maji ya sukari, moyo haukusimama, tukashukuru Mungu. Tulishukuru mapema mno. Daktari alitueleza kwamba ubongo unaishi kwa sukari, na ubongo wake ulikaa bila sukari muda mrefu mno.

"Kama angepewa hata soda mapema, bado akiwa anaweza kumeza," daktari akasema, "huenda leo mngekuwa mnaongea naye."

Mzee akauliza, "Soda?" Akauliza tena, "Soda tu?" Kisha akakaa chini pale pale kwenye korido, mtu mzima na mvi zake, akalia kwa sauti. Soda zilikuwa sebuleni, hatua chache kutoka kwenye ule mlango, na sisi tunazinywa.

Mama Pindo yupo hai. Anakaa, anatazama, anakula akilishwa. Mumewe anamlisha uji kijiko kwa kijiko na hamruhusu mwingine amguse. Binti aliolewa, wakwe hawakumkataa, wala hawakuwahi kufikiria kumkataa. Siku ya harusi alikwenda kupiga magoti mbele ya mama yake apate baraka. Mama akamtazama vizuri, akampapasa kitambaa cha bega, akauliza kwa upole, "Wewe mtoto wa nani?"

FUNZO

Ndugu zangu, kupunguza mwili ni jambo jema, na kufurahia maisha si dhambi. Lakini chakula hakibadilishwi kwa pombe, iwe waini, iwe nini. Mwenye kumeza dawa amweleze daktari anachokunywa na asichokula, hata kama anaona haya, na aende na mtu wa nyumbani mwake ili masharti yasikiwe na masikio mawili zaidi. Na tukimwona mwenzetu anakonda upesi, tumuulize kwanza, vigelegele baadaye.

Na wewe mwenye mgonjwa wa sukari nyumbani: ukimkuta anayumba, anatoka jasho, anaongea ovyo, usiseme kalewa, hata kama ananuka pombe. Kama bado anameza, mpe kitu kitamu, kisha mkimbize hospitali. Kama hajitambui, usimtie kitu mdomoni, mkimbize tu. Mlango uache wazi. Aibu ya wageni huisha wageni wakiaga. Hii ya seremala haijaisha, na mimi niliye jirani yake namsikia kila asubuhi akimwambia mkewe jina lake yeye mume, ili alijue.