Mji wa Asali wa Darasa la Sita

Kila Ijumaa saa nane mchana, wakishamaliza kufagia uwanja na kumwagilia bustani ya shule, wanafunzi wa darasa la sita walikwenda nyuma ya darasa lao. Wiki hizo hakuna aliyetoroka, hata wale watoro sugu. Mwalimu Salvatori alikuwa amechora miji minne ya mchezo ardhini, kila kundi na mji wake.

Mchezo huo Mwalimu aliuona Tabora kwenye kompyuta ya padri mmoja. Kompyuta hakurudi nayo Mpanda, ila alirudi na kanuni zake zote ndani ya daftari. Maharage yalikuwa watu, punje za mahindi chakula, vipande vya tofali nyumba, na matawi yaliyochomekwa yalikuwa miti. Watu wakishiba na kuezeka bati, hudai kitu cha anasa, na wasipokipata huhama. Kwa hiyo kila mji ulitengeneza kitu kimoja cha anasa na kuuziana na wenzake. Ijumaa moja ilihesabiwa kuwa mwaka mzima.

“Baada ya Ijumaa nne,” Mwalimu aliwaambia, “kila mji wenye watu hamsini au zaidi utapanda lori twende Sitalike kuona viboko. Ambao hawatafika hamsini, watabaki wakitusubiri tuwasimulie.”

Kina Fredrick walichagua vitambaa vya kudarizi. Kundi la Scolastica lilichagua asali, na Scolastica ndiye aliyefanywa kiongozi. Angekuwa nani mwingine? Baba yake, Mzee Gaspar, alikuwa mrina asali anayejulikana mji mzima, na binti huyo alikuwa ameonja asali kabla ya kuota meno.

“Nyie tulieni,” aliwaambia wenzake. “Fuata nyuki ule asali. Leo mmempata wa kumfuata.”

Kanuni ilisema mzinga wa gome unahitaji gome la mti mmoja. Kundi lilikuwa na miti kumi na miwili. Scolastica alichuna kumi palepale.

Libérate, rafiki yake wa dawati moja, alimshika mkono. Libérate alikuwa msichana mpole asiyependa ubishi. “Scola, miti inaisha.”

“Wewe umelima mihogo tu, unajua nini habari ya nyuki?” Scolastica alimjibu. “Baba anachuna hivihivi kila mwaka. Pori kubwa hili.”

Libérate aliuachia mkono wake. Moyo ulimuuma.

Na kweli, Ijumaa hiyo asali ilifurika. Miji mingine yote mitatu ilipanga foleni kuibadilisha kwa mahindi na vitambaa. Mji wa Asali ulioanza na watu ishirini ukafika arobaini na wanne, na nyumba zote zikapata bati. Scolastica alitembea kama mkuu wa wilaya. Alikwisha kuanza kugawa viti vya kwenye lori.

Ijumaa ya pili Mwalimu Salvatori alikuja na daftari lake, akainama, akang'oa matawi kumi na kuyalaza chini.

“Mwalimu, hiyo ni miti yetu,” Scolastica alisema.

“Ilikuwa yenu. Mti uliochunwa gome pande zote hukauka. Miti ikikauka hakuna maua, na pasipo maua nyuki wanahama. Mwaka huu mizinga yenu haina kitu.”

“Lakini Mwalimu, ndivyo baba anavyofanya.”

“Basi kamuulize baba.”

Watu wa Mji wa Asali walishazoea utamu, na sasa walidai asali yao. Walipoikosa, Mwalimu alianza kuokota maharage, moja moja, na kuyatia mfukoni. Yalibaki kumi na tisa. Wenzake Scolastica hawakumlaumu kwa maneno, walimtazama tu, na hilo lilimuumiza zaidi. Alijua ni yeye aliyewanyima safari.

Jioni alimkuta baba yake uani akishona mzinga wa gome kwa kamba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?”

“Baba, mti ukishauchuna gome, inakuwaje?”

“Unakufa. Kwani hujui? Iko mingine.”

“Na ulipokuwa kijana, mizinga yako ulikuwa unaitundika wapi?”

“Hapo tu ng'ambo ya mto. Nilikuwa naenda asubuhi, mchana niko nyumbani nakula ugali.”

“Na siku hizi?”

Mzee Gaspar aliacha kushona. Siku hizi alikwenda kwa baiskeli siku mbili, na kulala porini, na wakati mwingine kurudi na nusu debe. Haya yote binti yake aliyajua. “Maswali yako mengi,” alisema mwishowe, bila ukali, na siku hiyo hakushona tena.

Ijumaa ya tatu, kabla ya mchezo kuanza, Scolastica alisimama mbele ya kundi lake. “Nimekosea mimi, si mtu mwingine. Libérate aliniambia, nikamdharau. Nisamehe, mwenzangu. Sasa tufanye nini?”

Libérate alikuwa ameshafikiri wiki nzima. “Miti iliyokauka bado ni mbao. Gogo moja linatoa mizinga miwili, na mzinga wa gogo unadumu miaka. Ila tuna miti miwili tu ya kutundika. Kina Fredrick wana pori zima hawalitumii.”

Wakaenda kwa Fredrick. Yeye hakuwa mtu wa kutoa bure. “Mnatundika kwangu, mimi napata nini?”

“Theluthi ya asali yote,” alisema Scolastica. “Na katika pori lako hatuchuni hata gome moja.”

Fredrick alijifanya kufikiri sana, kisha akakubali, maana hata watu wake walikuwa wameanza kulilia asali. Mwalimu aliandika mapatano hayo. Kundi la Scolastica likachonga mizinga minane tu kwa magogo manne. Magogo mengine sita walimpa Mwalimu, naye akawapa matawi mabichi ya kupanda pale palipokuwa peupe. Mwaka huo asali ilikuja kidogo, ikatosha kuwatuliza waliobaki.

Ijumaa ya nne baadhi ya wazazi walikuja kutazama, na Mzee Gaspar akiwamo. Miti michanga ilihesabiwa kuwa imetoa maua, na mizinga ya magogo ikajaa. Waliohama walirudi, na wageni wakaongezeka. Mwalimu alihesabu maharage kwa sauti, darasa zima likihesabu naye, na kwenye Mji wa Asali sauti zilisimama kwenye hamsini na tatu. Scolastica alimkumbatia Libérate, akalia kidogo bila kuona aibu.

Mwalimu Salvatori alimwomba Mzee Gaspar aseme neno, maana hapo yeye ndiye mwenye asali wa kweli. Mzee aliyatazama yale matawi sita makavu, yaliyokuwa bado yamelazwa pembeni.

“Wanangu,” alisema, “ule msitu wa ng'ambo ya mto tumeumaliza mimi na wenzangu. Tumetumia miaka thelathini, kidogo kidogo, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Huyu binti yangu kaumaliza wa kwake kwa Ijumaa moja, na leo ndiyo nimeona nilivyoumaliza wangu. Kitu kinachokupa utajiri kina kilichokizaa. Ukimla mzazi, usishangae mtoto hazaliwi tena. Na mtu akikosea, afanye kama hawa: aseme nimekosea, amsikilize mwenzake, kisha ashike kazi.”

Kisha akamgeukia Libérate, ambaye binti yake alikuwa amemsimulia habari zake, akachuchumaa mbele yake katikati ya watoto wote.

“Haya, mwalimu wangu,” alisema. “Nionyeshe hilo gogo mnaligawaje likatoa mizinga miwili.”