Shingo ya Afande Odyek

Kila asubuhi Afande Odyek alipigana vita na ndevu zake. Alikuwa sajenti mstaafu, na sasa alilinda geti la fleti moja huko Bukoto. Kampuni yake ya ulinzi haikutaka askari mwenye ndevu. Basi kabla ya chai alisimama mbele ya kioo, nyumbani kwake Mbuya, akajikwangua kwa wembe mpaka kidevu kikang'aa.

Ndevu hazikukubali kushindwa. Zilikuwa ngumu, za kujikunja. Zikikatwa, zilirudi ndani ya ngozi na kuota humo humo. Shingo yote ilijaa vipele, na kola ya sare ilivisugua mchana kutwa.

Ndipo akasikia habari za leza. Erinayo, mwenye saluni karibu na geti, alikuwa ameleta mashine mpya.

"Ssebo, bwana wangu, hii ni mwanga tu," Erinayo alimwambia. "Nachoma mizizi ya ndevu. Wembe utasahau!"

Odyek akakubali. Mkewe, Anena, hakuambiwa. Mwanamume mzima, tena sajenti, angeanzaje kueleza kwamba anakwenda saluni kutengenezwa shingo?

Erinayo akawasha mashine. Mwanga ukapiga. Shingo ikawaka moto.

"Nauma?" Erinayo aliuliza.

"Hapana," Odyek alijibu, machozi yakimlengalenga.

"Niongeze?"

"Ongeza!"

Tumsamehe. Jeshini hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaumwa, na hakujua swali hilo linajibiwaje.

Kesho yake shingo ilitoka malengelenge. Naye akasimama getini kwenye jua kali kama kawaida. Malengelenge yalipopasuka, yaliacha madoa meusi tii. Erinayo hakushtuka.

"Huo ni uchafu natoka," alisema. "Rudi Jumamosi, tumalize."

Lawrence, askari mwenzake wa getini, alipoyaona madoa alishika kichwa. "Afande, wewe nakufa! Hiyo mwanga naingia ndani kabisa. Leo doa, kesho kutwa kansa."

Mpangaji mmoja wa fleti akawasikia, akacheka. Yeye alisema leza haina madhara yoyote, watu wanapigwa kila siku.

Odyek akabaki hajui ashike lipi. Huyu anasema uchafu, huyu anasema kansa, huyu anasema si kitu. Akiacha, atarudia wembe na vipele vyake, au afuge ndevu na kazi imponyoke. Akiendelea, labda atamwacha Anena mjane. Aliogopa. Tuseme wazi: sajenti aliogopa mpaka chai ikamshinda.

Jioni nyumbani, Anena akaleta mafuta ya yaa, yale ya kulainisha ngozi, ampake kwenye vipele. Alipofungua kola, akashtuka.

"Nani amekuchoma?"

"Wembe."

"Wembe gani nachoma kama pasi?"

Odyek akaeleza yote. Anena akaweka chini kopo la mafuta. "Mimi ni mke wako ama ni jirani?" aliuliza kwa uchungu. Kisha akamshika mkono kama mtoto mtoro, wakaenda kwa Nabangala.

Nabangala alikuwa Mkenya, muuguzi katika kliniki ya ngozi ya hospitali moja mjini. Walimkuta uani akianika nguo. Akamketisha Odyek mahali penye mwanga, akaikagua shingo.

"Sista, niambie moja tu," Odyek alisema. "Nitapata kansa?"

"Mwanga wa leza za ngozi si kama miale ya eksirei," Nabangala alijibu. "Madaktari wameutumia miaka mingi, na hawajapata ushahidi kwamba unaleta kansa ya ngozi."

"Kwa hiyo hakuna hatari!"

"Sijasema hivyo, Afande. Watu wenye ngozi kama yetu hawajafuatiliwa vya kutosha kwa miaka mingi sana. Sitakudanganya kwamba kila kitu kinajulikana."

Odyek akajishika kichwa. "Sasa hata wewe umenichanganya! Ni salama ama si salama?"

"Pasi ni salama?"

Odyek akafikiri. "Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Moto wake. Na kitambaa," Anena alidakia. "Na mkono ulioishika."

"Leza ni hivyo hivyo," Nabangala alisema. "Mwanga wake unatafuta weusi wa nywele. Lakini ngozi yetu nayo ina weusi. Mashine isiyofaa, au moto ukizidi, inachoma vyote viwili. Doa linaweza kukaa miezi mingi. Kovu linaweza kukaa maisha yako yote. Na mwanga ukiingia machoni, unaweza kukupofusha. Alikupa miwani ya kukinga macho?"

"Hapana. Nilifumba macho."

"Alijaribu kwanza sehemu ndogo, akangoja aone?"

"Hapana."

"Na ulipoungua, ulimwambia nini?"

Odyek akatazama viatu vyake. "Nilisema aongeze."

Anena akaziba mdomo kwa mkono. Nabangala hakucheka.

"Erinayo amekosea," alisema. "Hakufunzwa kazi hii. Lakini maumivu ndiyo yanamwambia mwenye mashine kwamba moto umezidi. Wewe ulimficha habari hiyo." Kisha akamgusa Odyek chini ya sikio. "Na hili baka?"

"La zamani. Ila limekua kidogo."

"Hilo lisiguswe na leza kabla daktari hajaliona. Mwanga unaweza kufuta rangi ya juu, ugonjwa ukabaki chini umejificha."

Jumamosi Odyek hakwenda saluni. Alikwenda kliniki kwa Daktari Makokha. Baka likachunguzwa, likaonekana halina ugonjwa. Daktari akampa dawa ya shingo. Akamwambia ajikinge na jua, aache wembe, na apunguze ndevu kwa mashine ya kunyolea bila kuzimaliza.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia msimamizi wake, Ocira. Odyek alijua atafukuzwa. Akasimama wima, akaeleza. Ocira akamsikiliza, kisha akafungua kola yake mwenyewe. Shingo yake ilikuwa vipele vitupu.

"Ndevu fupi naruhusu," Ocira alisema. "Na simama kwenye kivuli. Hiyo kliniki iko wapi?"

Miezi ikapita. Madoa yakafifia na vipele vikapungua. Vichache vya ukaidi vikabaki chini ya kidevu. Daktari Makokha akasema sasa leza inaweza kusaidia, ile inayofaa ngozi nyeusi. Odyek akafikiri siku kadhaa. Safari hii alimwambia Anena, wakaenda pamoja.

Wote chumbani wakavaa miwani. Daktari akachagua sehemu ndogo tu ya kujaribia. Mwanga ukapiga.

"Inauma?" daktari aliuliza.

Odyek akakaza taya. Akamtazama Anena aliyeketi kando. Midomo yake ikataka kusema lile "Hapana" lake la zamani.

"Inauma!" akasema kwa sauti ya gwaride, mpaka watu waliokuwa nje wakasikia.

"Asante," daktari alisema, akapunguza moto.

Wiki chache baadaye walirudi kuangalia. Anena alipitisha kidole pale palipojaribiwa, akatafuta doa, akalikosa.