Mtu wa Tatu Kwenye Picha za Haifa

"Mzee Vuai, huyu bwana aliyemshika mkeo kiuno siku ya harusi ni nani?"

Wakili Malak aliuliza hivyo kutoka ofisini kwake Croydon, na Vuai, kwa kiherehere chake, alikuwa ameiweka simu kwenye spika ili Haifa amsikie mumewe akisifiwa. Haifa aliacha kukunja nguo.

Sifa zenyewe ni hizi: picha sita za ndoa yao alizigeuza kuwa faili moja la PDF humohumo ndani ya kivinjari, bila kuzipeleka mtandaoni kwenye mtambo wa mtu. Asubuhi nzima nyumba yao ya Thamesmead haikukalika. "Wajinga huanika wake zao mitandaoni. Mimi? Humu hakitoki kitu!" Lakini Vuai, huyo mpishi wa melini, aliyefika Rotterdam na Santos akarudi na kitambi na maneno, hakukumbuka kulitazama faili kabla ya kulituma.

Alilitazama sasa. Kati yake na Haifa alisimama mtu mrefu wa kanzu nyeusi, na penye uso palikuwa na ukungu kama wa kioo cha bafuni. Kwenye simu, picha zilikuwa safi.

"Kidole changu hicho," alisema Vuai.

"Kidole kinavaa kanzu?"

"Nileteeni faili safi kabla ya saa kumi na moja," alisema Malak. "Leo ndiyo siku ya mwisho. Nikipeleka hili, Uhamiaji watasema ndoa ni ya uongo, na Haifa atarudishwa." Akakata simu.

Vuai akazigeuza picha upya. Mtu yule alikuwa amesogea.

"Nilikwambia tangu tuko Wete," Haifa alinong'ona. "Kuna anayenitaka. Ukacheka."

"Nilisema jini gani huyo atajilipia nauli ya ndege! Jini fukara, kazi kunyemelea wake za watu."

Akageuza mara ya tatu, na harufu ya udi ikapanda kutoka kwenye vitufe vya kompyuta, udi uliochanganyika na ngozi mbichi, na nyuma ya mlango wa kabati kitu kikakwaruza polepole kama mtu anayejaribu kucha zake, na katika kila ukurasa Vuai alizidi kufifia, kwanza miguu, kisha kitambi, kisha tabasamu lake la kijinga, hata alipoikimbilia simu akakuta hata kwenye picha za asili hayumo tena, yumo Haifa na bwana wa kanzu, na ule ukungu umetoka usoni, na uso unamtazama yeye.

Alimpigia Bi Ummukulthum wa Hounslow, mfanya usafi wa uwanja wa ndege, ambaye hutibu wenye majini akitoka zamu.

"Zungumza naye kwa adabu, mwanangu," bibi alimwambia chinichini. "Usimtukane."

Saa kumi na dakika hamsini na sita. Lakini Vuai, adabu hakuwahi kuwa nayo.

"Wewe mwizi, huna hata pasipoti! Toka kwangu!"

Kinywa cha Haifa kikafunguka, naye macho kayafumba. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kiume, isiyo na haraka.

"Nitoke vipi? Si umesema humu hakitoki kitu?"