Saba Yenye Mkato

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi yangu. Nilifungua kadi ya kliniki ya baba, nikatazama kama kuna namba mpya, kisha nikaitia nukta kwenye karatasi ya miraba niliyoibandika ukutani. Baba alikuwa amepasuliwa moyo na kubadilishiwa vali. Baada ya kurudi nyumbani alitakiwa kutolewa damu kila Jumatatu na Alhamisi. Kliniki iko mtaa wa pili, kwa hiyo alikwenda mwenyewe.

"Mwili ukipasuliwa unawaka ndani," muuguzi alinieleza siku ya kwanza. "Kipimo hiki kinatuonyesha unawaka kiasi gani. Siku ya pili au ya tatu namba inapanda sana, halafu inatakiwa ishuke. Ikipanda tena, huenda vijidudu vimeingia kwenye kidonda. Na kidonda cha kifuani hakina mchezo."

Namba za baba zilishuka vizuri: 190, 120, 64, 38. Kisha 27. Kisha 17. Nukta hizo mbili za mwisho nilizipaka rangi ya kijani kwa furaha, na mama akaanza tena kupata usingizi.

Lakini baba hakufanana na namba zake. Alijifunika shuka mchana wa jua kali, akatetemeka. Akikohoa alishika kifua na kukunja uso. Jumanne moja nilipotoka shule niliichukua kadi nikaitazama vizuri. Zile saba mbili zilikuwa na mkato katikati. Saba za muuguzi, kwenye tarehe, hazikuwa na mkato.

Nilimjua mtu mmoja tu aliyeandika saba hivyo. Baba ni fundi cherehani, na daftari lake la vipimo limejaa saba zenye mkato ili zisichanganywe na moja. Mtaa mzima unamwita Nusu Inchi, maana ukikosea nusu inchi kwenye karakana yake, utajuta kuja kazini siku hiyo.

Damu ilinichemka. Nilimfuata kitandani.

"Baba, nionyeshe mkono."

"Mkono wa nini tena?"

"Jana ulitolewa damu. Alama ya sindano iko wapi?"

Alivuta shuka. "Mwanangu, nimechoka. Nimetobolewa mpaka nimekuwa chujio. Na sare za kwaya zinanisubiri."

"Kwa hiyo ulikwenda karakana?"

"Kidogo tu. Namba ilikuwa inashuka, nikaandika pale ambapo ingefika. Usimwambie mama yako, utampandisha presha bure."

Bure! Mama alikuwa analalia uongo, na mimi ndiye niliyeupaka rangi. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Huyu ndiye mtu aliyewagombeza wanafunzi wake kwa sababu ya pindo!

Niliichukua futi yake ya utepe, nikaitupa juu ya kabati asikoweza kuifikia.

"Basi nishonee sare mpya ya shule. Usinipime. Kisia tu."

"Nguo haikatwi kwa kukisia," alijibu upesi, kabla hajafikiri.

"Nguo huikisii, moyo unaukisia?" nilipiga kelele.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, na alikuwa amesikia. Alimletea baba viatu vya kwenda kliniki.

Kliniki walimtoa damu, na jibu likaja baada ya saa moja: 164. Muuguzi alibonyeza kando ya mshono, usaha ukatoka. Akaitazama kadi, akamtazama baba.

"Saba hizi mbili ni zako, mzee? Daktari angesoma hapa, angekupongeza! Tungekuzika na kadi nzuri kabisa!"

Baba alipelekwa hospitali, akalazwa wiki tatu. Kidonda kilifunguliwa kikasafishwa, na yeye aliyekimbia sindano mbili kwa wiki akachomwa tatu kwa siku. Namba zikashuka kweli, moja baada ya nyingine, hadi 9. Siku aliporuhusiwa alipitia kliniki, na muuguzi akampa kalamu.

"Zile mbili zifute kwa mkono wako mwenyewe."

Baba alizipiga mstari, ameinamisha kichwa.

Nyumbani nilizifuta zile nukta za kijani. Kati ya 38 na 164 pakabaki nafasi tupu, nami nikachukua rula ili nichore mstari wa kuziunganisha.

"Usiunganishe," baba alisema. "Hapo hatukupima. Acha paonekane."

Aliichukua rula mkononi mwangu. "Ukidanganya kipimo, umemdanganya kila mtu atakayekitegemea. Nilimdanganya daktari, nikamdanganya mama yako, nikakutumia na wewe. Mtu yeyote akikuomba ufiche jambo linaloweza kumuua, usikubali. Hata akiwa baba yako."

"Kwani nilikubali?" nilimjibu. Hasira ilikuwa haijaisha yote.

Alicheka, na safari hii hakushika kifua. "Haya, nishushie futi yangu. Simama wima."

Alinipima urefu, bega, mkono na kiuno, akarudia tena, akaandika. Tangu mwaka jana nilikuwa nimerefuka inchi mbili na nusu.