Hatua kutoka mtoni

Rafiki yangu Vestine, mkulima wa kule juu ya Sake, hapendi kuyasema haya mara mbili.

Alasiri moja ya mvua aliingia stoo kuchagua maharage ya mbegu. Ndani kulikuwa na giza, akachukua telefone ya mume wake Polycarpe, baba wa binti yao Gaëlle, immulikie. Alipoiinua tu, kioo kiliwaka chenyewe na kuonyesha hesabu ya hatua. Ni zile telefone zinazohisi mwendo wa anayezibeba.

Akatafuta zile siku mbili alizokuwa sokoni Sake, Polycarpe alipomsindikiza Jean-Luc, kaka yake Vestine, aliyevaa buti, kwa miguu kuelekea Walikale. Jean-Luc hakuonekana tena.

"Nilimufikisha na miguu yangu, Mama Gaëlle," Polycarpe aliporudi aliapa mbele ya ukoo, Biblia mkononi.

Siku ya kwanza: hatua mia tatu na kumi na mbili. Vestine huchota maji kila asubuhi. Hizo ni za kufika mtoni na kurudi. Siku ya pili: sifuri.

"Papa Gaëlle, kaka yangu ulimuacha wapi?"

Polycarpe alikuwa amefika, amesimama mlangoni mwa stoo. "Mvua iko mingi. Tutasema kesho."

Vestine akaitua telefone juu ya gunia. Kioo hakikuzimika. Hatua za leo: moja. Mbili. Tatu. Nje, upande wa mtoni, buti zilikuwa zinavuta matope, chwa, chwa, na kwa kila chwa hesabu iliongezeka moja.

Polycarpe alifunga mlango, akashika komeo kwa mikono miwili.

Buti zikasimama. Telefone ilionyesha mia moja hamsini na sita, nusu kamili ya mia tatu na kumi na mbili.