Bamba Lililochoka

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Bibie alimsaidia baba yake kuketi kitandani, akamletea beseni la maji ya uvuguvugu, kisha akamsogezea magongo. Saa hizo mama alikuwa ameshatoka kwenda kiwandani kushona nguo.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea, na mtaani walimwita Fundi Cheche. Geti zito lilikuwa limemwangukia karakanani, likamvunja mfupa wa paja. Hospitalini walimfanyia upasuaji, wakaushikanisha mfupa kwa bamba la chuma na skrubu. Siku ya kuruhusiwa, daktari wa mifupa alimwambia, "Usiukanyagie mguu huu mpaka nikuambie."

Lakini Fundi Cheche hakuwa mtu wa kukaa. Kila mashine ya kukatia chuma ilipolia karakanani, nyuma tu ya nyumba, alijigeuzageuza kitandani kama aliyelalia siafu. Asubuhi moja Bibie alirudi kuchukua sweta aliyosahau, akamkuta amesimama katikati ya chumba. Magongo yalikuwa kule ukutani.

"Baba! Si daktari amekukataza?"

"Punguza sauti," baba akasema huku akicheka. "Humu pajani mna chuma, mwanangu. Nani anakijua chuma kuliko mimi? Na usimwambie mama yako, atanifungia ndani kama kuku."

Bibie hakucheka. Jioni mama aliuliza, "Baba yako ameshindaje?" Akajibu, "Salama," na uso akauinamisha. Angesema, angemwaibisha baba. Asiposema, je? Kila siku alimsogezea magongo, na kila siku baba aliyasukuma kando. Akaanza hata kwenda karakanani. Usiku Bibie alimsikia akiguna kwa maumivu, naye akajifunika shuka hadi kichwani.

Kisha, alasiri moja, baba alianguka mlangoni. Bibie alimkimbilia, akamshika mkono akavuta, lakini hakuweza kumwinua hata kidogo. Paja lilikuwa limepinda kwa nje. Hakujua ashike wapi asimuumize. Alibaki amepiga magoti, akipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Hospitalini daktari aliitazama picha ya eksirei kwa muda mrefu. Bamba lilikuwa limekatika, na mfupa ulikuwa haujaungana.

"Fundi, ulikuwa unaukanyagia mguu?"

"Hapana, Daktari. Labda chuma chenyewe kilikuwa kibovu."

"Mlimwekea chuma kibovu?" akafoka mama, aliyekuja mbio kutoka kiwandani.

Daktari akakunja uso. "Kama hakuukanyagia, basi huenda mfupa una ugonjwa. Itabidi tuuchunguze kwanza. Upasuaji utasubiri."

Bibie alimtazama baba yake, jasho likimtiririka usoni kwa maumivu. Asubiri tena? Akamgeukia daktari.

"Alikuwa anatembea bila magongo," akasema. "Kila siku. Nilimwona."

Mama alimgeukia kwa mshangao. Baba akafumba macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli."

Daktari hakumkaripia. Alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda.

"Fundi, ukitaka kukata waya na huna koleo, unafanyaje?"

"Naukunja na kuukunjua... mpaka unakatika."

"Basi kila hatua uliyopiga ilikuwa mkunjo mmoja. Bamba liko ubavuni mwa mfupa. Uzito wa mwili ukishuka, linapinda kidogo, kisha linarudi. Mfupa ukishaungana, hubeba mzigo wenyewe. Wako hukuupa nafasi ya kuungana. Chuma kilibeba peke yake mpaka kikachoka, kikakatika." Akachora kwa kidole hewani. "Sasa nitapitisha fimbo ya chuma ndani ya mfupa, katikati, unakopita uzito. Haitapinda kirahisi kama bamba. Nitaibana kwa skrubu juu na chini, mfupa usijizungushe wala usifupike. Lakini hiyo nayo inaushikilia mfupa tu. Kupona ni kazi ya mfupa."

Walipomwingiza baba chumba cha upasuaji, Bibie na mama walikaa kwenye benchi. Hawakuwa na la kufanya. Kila mlango ulipofunguliwa waliinuka, na kila mara alikuwa mgonjwa wa watu wengine.

"Laiti ningesema mapema," Bibie alinong'ona.

Mama alimvuta kifuani. "Na mimi ningeuliza vizuri."

Muuguzi alipotoka na kusema mambo yamekwenda salama, walikumbatiana palepale kwenye benchi.

Baba alichukua miezi mingi kupona. Safari hii alifuata kila alichoambiwa: kwanza kugusisha tu mguu chini, kisha kuukanyagia kidogo, kisha zaidi. Siku daktari alipomwonyesha kwenye picha kwamba mfupa umeungana, aliacha magongo kwa ruhusa. Walipofika nje ya hospitali alisimama, akamshika Bibie begani.

"Nilikuomba unifichie siri iliyokuwa inaniumiza," alisema. "Kosa hilo ni langu, si lako. Ila siku nyingine mtu akikuomba unyamaze juu ya jambo la kumdhuru, sema mapema, mwambie mtu anayeweza kusaidia. Hata kama anayekuomba ni mimi."