Pedi Zilizopakwa Mafuta ya Nazi

Kila Alhamisi akitoka shule, Sihaba alizunguka nyumba yao ya Kibiti na chupa ya mafuta ya nazi. Alipaka bawaba za mlango, akapaka cherehani, akamalizia mnyororo wa baiskeli. Ndivyo alivyofunzwa na Bibi Mashavu, mama wa baba yake. Kwa bibi huyo, hakukuwa na ugonjwa wa chuma usiotibika kwa mafuta ya nazi. "Chuma kikipiga kelele, kina kiu," alikuwa akisema.

Alhamisi moja ya mwaka 1993, uani kulikuwa na mgonjwa mkubwa zaidi. Baba yake, Twalibu, alikuwa amenunua gari kuukuu aina ya Pijo. Lilipiga yowe kila liliposimama, hata kuku wakajifunza kukimbia mapema. Pedi za breki zilikuwa zimelika, kimebaki chuma kitupu. Zamani spea ilikuwa kitu cha kuota tu, lakini sasa maduka ya Dar es Salaam yalijaa kila kitu, na kondakta wa basi alikuwa amemletea pedi mpya. Jioni hiyo hiyo Twalibu alitaka kumpeleka mama yake Mohoro, ng'ambo ya mto Rufiji, kwenye harusi ya Jumamosi.

Gurudumu la kulia lilikuwa tayari. Upande wa kushoto, Twalibu alikuwa amefungua kalipa, kile chuma kinachoziminya pedi, mara adhana ya alasiri ikasikika.

"Sihaba, nilindie hizi pedi mbili," alisema akinawa mikono. "Kuku wasizidonoe."

Sihaba alizilinda. Kisha akazipapasa. Loo! Zilikuwa kavu, zinakwaruza kama kisigino kilichopasuka. Tangu azaliwe hakuwahi kuona kitu chenye kiu namna ile. Akazipaka mafuta mbele na nyuma, akazisugua mpaka chupa ikaisha.

Baba alirudi na jirani yao Husseini, bingwa wa kutoa ushauri bila kushika spana. Kwa haraka ya safari, Twalibu alizitia pedi bila hata kuzitazama, akakaza kalipa, akarudisha gurudumu, akashusha jeki. Kisha akaanza kumwaga elimu.

"Breki haina uganga, Husseini. Pedi inakwaruza ile sahani ya chuma, gari linasimama. Ikigusa mafuta, hata tone, inateleza tu. Pale Ndundu, ukiteremka kuingia kwenye pantoni ya kuvukia mto, unapitiliza moja kwa moja kwa mamba."

Sihaba aliificha chupa tupu nyuma ya mgongo. Angesema, angechapwa mbele ya Husseini, na habari ingefika sokoni kabla ya magharibi. Angenyamaza, bibi yake angezama mtoni na kikapu cha vitumbua mapajani. Tayari Bibi Mashavu alikuwa ameketi kiti cha mbele, amejifunga kanga mpya, anawapungia majirani kama anakwenda Makka.

Gari liliwashwa. Sihaba akakimbia, akasimama mbele yake.

Twalibu akapiga honi. "Toka hapo, mwanangu!"

"Huyo anataka kitumbua," Bibi alisema. "Mpe kimoja tuondoke."

"Sitaki kitumbua, Bibi." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Baba, zile pedi nimezipaka mafuta ya nazi."

Twalibu alizima gari.

"Ya chupa ipi?" Bibi akauliza.

"Ile ya kupaka nywele za harusi."

"Yote?"

"Yote, Bibi."

Twalibu hakuamini kazi yake imeharibika. Alimteremsha mama yake, akaliendesha gari taratibu uani, akakanyaga breki. Upande wa kulia ulishika, wa kushoto ukateleza, na Pijo likageuka lenyewe likaingia kwenye mihogo ya Bibi.

Husseini alinusa, akasonya. "Twalibu, gari lako linanukia wali wa nazi."

Twalibu aliteremka, uso umemwiva kwa hasira. Sihaba akafumba macho akingoja kibao. Bibi Mashavu akawahi.

"Mtoto hakujua, na mimi ndiye niliyemfunza. Na wewe fundi? Ulitaka kunipeleka mtoni kabla ya kujaribu breki hapa uani?"

Twalibu alitazama chini. "Nimekosa, Mama," alisema mwishowe.

Ijumaa kondakta alileta pedi nyingine. Safari hii Twalibu aliisafisha sahani kwa petroli, akafunga polepole huku akimweleza Sihaba kila hatua, na gari likajaribiwa mara kumi kabla ya mtu kupanda.

Jumamosi alfajiri walifika Ndundu, Sihaba naye akiwa kiti cha nyuma. Kwenye mteremko wa pantoni abiria wa magari yote waliteremka kwenda kwa miguu. Bibi Mashavu hakubanduka. Aligeuka nyuma, akamkazia macho mjukuu wake.

"Sihaba, kuna kingine ulichopaka?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi mimi nakaa humu humu."

"Mama, teremka kama wenzako," Twalibu alimsihi.

"Niteremke kwa nini? Mtoto huyu alisema kweli siku ambayo kweli ilimuuma. Mtu wa namna hiyo akisema hakuna, hakuna. Shusha gari, tunachelewa harusi."

Twalibu akalishusha gari polepole, mguu kwenye breki. Pijo likasimama kimya pale pale lilipotakiwa, katikati ya pantoni.